Mguu wa Kushoto

Kuna watu wanaopenda ugumu sana, mradi uwe wa mtu mwingine. Wanapenda githeri ya moto wa kuni, mradi kuna mtu wa kupuliza jiko na kutokwa machozi. Wanapenda nyumba ya udongo kule ushago, mradi wao wanalala Nairobi na kuoga maji ya moto. Kitu cha zamani kikirahisishwa, wao ndio wa kwanza kusema kimeharibiwa. Wengi wao ni jamaa zangu na nawapenda, kwa hivyo nitajaribu kuwasikiliza vizuri kabla ya kuwajibu.

Swali lenyewe ni hili: nani ana haki ya kusema kitu kibaki kigumu?

Sisi hatukulitoa vitabuni. Tulilipata kwenye pikapu.

Guka alituachia Peugeot 504. Kwa nyinyi mliozaliwa barabara zikiwa zimejaa Vitz na Demio, hii gari ilikuwa na jina. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na ile ya pikapu ikaja 1979. Nyingi ziliunganishwa hapa hapa Kenya. Ndugu zake wenye viti vya ziada nyuma ndio zile Peugeot za abiria za kwenda Nakuru na Kisumu ambazo wazazi wetu huzitaja wakianza story za safari. Pikapu yenyewe ilibeba maziwa, kabeji, mbao, maharusi na majeneza. Sehemu nyingine ilikuwa inabeba vyote hivyo wiki moja.

Anayeiendesha ni shangazi yangu. Guka alipofariki, wanaume wa familia waligawana mashamba. Shangazi alibaki na pikapu kwa sababu ndiye aliyekuwa akiiendesha tangu macho ya mzee yalipoanza kufifia. Kila Jumanne na Ijumaa anapakia viazi na kabeji Njabini, anatokea Flyover pale Soko Mjinga, anateremka Limuru, na kabla jua halijatoka yuko Wakulima, ile sisi tunaiita Marikiti. Ana miaka sitini na tatu. Gegedu ya goti lake la kushoto imelika, na hospitali walimwambia hivyo bila kuzungusha maneno.

Kama hujawahi kuendesha gari ya klachi, pengine hauoni goti linaingilia wapi. Injini ikishawaka haiwezi kusimama na kuendelea kunguruma huku imeshikana na magurudumu, lazima uitenganishe. Kati ya injini na giaboksi kuna sahani yenye msuguano, na springi kali inaibana ili nguvu ipite. Pedali ya klachi inashindana na hiyo springi. Ukikanyaga, sahani inaachiliwa. Ukiachilia pole pole, inashika tena. Kwa barabara wazi unafanya hivyo mara chache. Kwa jam ni habari nyingine. Ukikanyaga mara moja kila sekunde ishirini, saa mbili za Waiyaki Way ni mara mia tatu na sitini, zote kwa mguu mmoja, ule wa kushoto. Na kwa mlima, gari ikiwa imejaa viazi, haukanyagi na kuachilia tu. Unabalansi: unashikilia pedali katikati, goti limekunjwa nusu, likitetemeka.

Siku moja shangazi akaandika kwa grupu ya familia kwamba amezungumza na fundi, na anataka pikapu ibadilishwe iwe otomatiki. Hakuwa anaomba ruhusa. Alikuwa anauliza kama kuna mtu angependa kuchangia, maana bei aliyopewa ilitosha karo ya muhula mzima. Grupu ambayo kwa kawaida hubeba salamu za asubuhi na picha za maua ikawaka moto. Si juu ya pesa. Juu ya Guka.

Hoja ya kwanza ilikuwa ya baba mdogo: ukitoa giaboksi, hiyo si gari ya mzee tena. Ni hoja ya zamani kuliko magari. Plutarch, mwandishi Mgiriki, anasimulia kwamba watu wa Athens walihifadhi meli ya shujaa wao Theseus kwa miaka mingi, wakitoa mbao zilizooza na kuweka mpya, mpaka wanafalsafa wakaanza kubishana: hii bado ni meli ileile ama ni nyingine? Baadaye Thomas Hobbes, Mwingereza wa karne ya 17, akaongeza chumvi. Je, kama mtu angekusanya zile mbao kuukuu zote na kuziunda upya, meli ya Theseus ingekuwa ipi kati ya hizo mbili?

Hobbes angefurahia sana Kirinyaga Road. Pale, ile mitaa wazee bado wanaita Grogan, kila gari ya Nairobi ina kipande cha gari ingine, na taa iliyoibiwa kwako usiku unaweza kuuziwa wewe mwenyewe asubuhi. Ukiichukulia hoja ya baba mdogo kwa uzito, pikapu ya Guka iliacha kuwa ya Guka kitambo. Radieta ilibadilishwa. Pistoni zilibadilishwa. Bodi ya nyuma ilichomelewa upya baada ya kutu kuila, na rangi ya sasa si ile Guka alinunua nayo. Hakuna aliyelia kwenye grupu siku hizo. Kwani kipande gani cha chuma ndicho kina roho, na vingine havina?

Nadhani jibu ni kwamba hakuna aliyekuwa anazungumza kuhusu chuma. Radieta haishikwi. Liva ya gia inashikwa. Kile kichwa chake kimelainishwa na kiganja cha Guka mpaka alama za gia zimefutika. Binamu yangu alisema kitu ambacho kilininyamazisha: akishika ile liva anahisi mkono wa mzee uko chini ya wake. Tena gia ya pili ya ile gari haikubali kuharakishwa. Lazima usimame kidogo, kama mtu anayebisha hodi, halafu ndipo iingie. Guka alitufundisha sisi sote hivyo, mmoja baada ya mwingine, kwa njia ya vumbi nyuma ya shamba: usiisukume, ngoja ikubali. Binamu anasema hilo somo la subira liko ndani ya ile giaboksi, na ukiitoa unaenda nalo.

Sitaki kumcheka, hata kama najua sababu ya kifundi. Ndani ya giaboksi kuna pete ndogo zinazosawazisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana. Pete ya gia ya pili kwa kawaida hufanya kazi nyingi, na yetu imelika. Ndiyo maana inasita. Yaani hekima ya Guka, ukiifungua kwa spana, ni spea iliyoisha. Lakini hilo haliifanyi isiwe hekima. Mtu anaweza kujifunza subira kutoka kwa kitu kilichoharibika, kama vile wengi wetu tumejifunza mengi kutoka kwa wazazi wenye madonda yao. Kwa hivyo nakubali: kuna kitu cha kweli kingepotea. Wanaosema hakuna kinachopotea hawajawahi kushika ile liva.

Ila angalia kumbukumbu hiyo inadai nini. Binamu anaishika ile liva Krismasi, kwa dakika kumi, kwenda kununua soda. Shangazi anaishika mara mbili kwa wiki, giza likiwa bado. Kwake, kumbukumbu ya Guka inakuja na bili, na bili inalipwa na goti. Waswahili wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kuna methali nyingine ambayo naona inafika ndani zaidi: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Inakubali jambo ambalo familia yetu ilikuwa inakwepa, kwamba kuna mwenye mzigo na kuna mbeba mzigo, na wawili hawa hawaoni kitu kimoja wakitazama pakacha lilelile. Sisi tulijiita wenye pikapu. Mchukuzi alikuwa mmoja.

Hoja ya pili ilikuja kutoka kwa vijana, watu wa rika langu, na hii inasikika kila mahali mjini. Otomatiki si kuendesha. Dere wa kweli ni wa manyuo. Wengine wanakalia tu sofa inayotembea. Kuna hata daraja la leseni la wanaoendesha otomatiki pekee, na watu hulitania kama cheti cha chekechea.

Nikisikia hivyo huwa nauliza: manyuo gani? Zamani gari iliwashwa kwa mkono, kwa chuma kilichozungushwa mbele ya injini, na injini ikirudi nyuma ghafla kile chuma kilivunja mikono ya watu. Cadillac wakaleta stata ya stima kwenye gari zao za 1912. Bila shaka kulikuwa na mwanaume mmoja mahali fulani aliyesema sasa hata kuwasha gari si kazi. Kabla ya zile pete za kusawazisha gia, ambazo Cadillac tena waliziweka mwaka 1928, dereva alikanyaga klachi mara mbili kwa kila badiliko na kupima mwendo wa injini kwa sikio, la sivyo gia zilisaga kama mahindi. Huo ulikuwa ujuzi kwelikweli. Hakuna yeyote kwa grupu yetu aliye nao. Manyuo tunayoitukuza ilisharahisishwa mara nyingi kabla hatujazaliwa. Kila kizazi kinachora mstari wa uhalisi pale pale ugumu wake kiliojifunza unapoishia, kisha kinasema mstari ule ulichorwa na Mungu.

Na otomatiki yenyewe si mtoto wa juzi. Moyo wake ni toko konveta, mtungi wa chuma uliojaa oili. Chukua feni mbili zinazotazamana. Washa moja, upepo wake utazungusha ya pili, hata kama ya pili haijachomekwa kwa stima. Ndani ya konveta ni hivyo, isipokuwa badala ya upepo ni oili, na kati ya hizo feni mbili kuna ya tatu inayoirudisha oili kwa pembe inayoongeza nguvu gari inapoanza kutoka. Ndiyo maana gari ya otomatiki inaweza kusimama injini ikiwaka bila mtu kukanyaga chochote isipokuwa breki: oili inateleza, hakuna chuma kinachosagana. Mjerumani Hermann Föttinger alisajili wazo hilo mwaka 1905, kwa ajili ya meli. Oldsmobile wa Marekani walikuwa wanauza magari yanayojibadilishia gia kuanzia modeli za 1940. Peugeot wenyewe waliuza 504 za saluni na giaboksi otomatiki ya gia tatu kutoka kwa kampuni ya ZF ya Ujerumani. Kwa hivyo anayesema 504 ya otomatiki ni dhambi dhidi ya 504 anabishana na waliotengeneza 504.

Lakini tusiwakimbie hawa vijana haraka, maana kuna punje ya ukweli kwenye makapi yao. Manyuo inakulazimisha kusikiliza. Unajua injini inachoka kabla haijakuambia kwa taa. Betri ikifa, watu wanne wanasukuma, unaingiza gia ya pili, unaachilia klachi, inawaka, unaenda. Otomatiki za aina hii haziwashwi kwa kusukumwa, kwa sababu pampu ya oili inayoshikisha gia zake huzungushwa na injini. Injini ikiwa imelala, hakuna kinachoshika. Ikikwama huwezi kuivuta kwa kamba kilomita nyingi magurudumu ya nyuma yakiwa chini, maana giaboksi inazunguka bila kulainishwa. Giaboksi kuukuu ya gia tatu pia inakunywa mafuta zaidi, na ukiteremka Limuru na tani ya viazi lazima ukumbuke kuishusha hadi 2 mapema, vinginevyo unaziachia breki kazi yote. Urahisi una masharti yake. Unakutoa kwa utegemezi mmoja na kukupeleka kwa mwingine: jana ulitegemea goti lako na majirani wa kusukuma, leo unategemea betri na fundi anayejua oili nyekundu inapimwaje.

Kwa hivyo sisemi kila ugumu ni mbaya. Nasema kuna aina mbili, na tunazichanganya. Kuna ugumu unaojenga, na kuna ugumu unaokula. Kujifunza klachi ukiwa na miaka kumi na minane kunajenga: kila siku unaweza zaidi ya jana. Kukanyaga klachi ileile ukiwa na goti lililolika kunakula: kila Ijumaa unaweza kidogo kuliko Jumanne. Pedali ni moja, springi ni moja. Kilichobadilika ni mtu aliye juu yake. Ndiyo maana huwezi kuangalia kitu peke yake na kusema ugumu wake ni mtakatifu. Lazima uulize unamfanyia nini huyu, sasa.

Na anayejua vizuri zaidi ni nani? Kwa kawaida ni anayelipa. Najua pingamizi. Kuna mgonjwa anayechukia mazoezi ya kunyoosha mguu, na akiachwa aamue ataacha, na ataumia. Mwenye maumivu anaweza kukosea kuhusu maumivu yake. Kweli. Lakini daktari mzuri hufanya nini? Anaeleza, anabembeleza, anaonya, halafu mgonjwa ndiye huamua. Kuna tofauti kati ya haki ya kushauri na haki ya kukataza. Baba mdogo ana haki ya kumwambia dada yake kwamba atajuta. Binamu ana haki ya kusema atahuzunika. Hakuna kati yao aliye na haki ya kutumia goti lisilo lake kulinda huzuni iliyo yake.

Hoja ya tatu ndiyo ilikuwa ya akili zaidi, na ilitolewa kwa upole. Kwani lazima? Uza pikapu kwa mtu anayependa magari ya zamani, nunua Probox ya otomatiki, ubaki na chenji. Ama andika kijana awe dereva.

Kihesabu, hoja hii inasimama. Zipo gari nyingi za Japani zinazoshuka Mombasa zikiwa otomatiki tayari. Shangazi alijibu kwa sauti, dakika mbili, na nitafupisha. Ile gari anajua kelele zake zote. Inabeba mzigo ambao Probox ingeupigia magoti. Kuhusu dereva: alishajaribu, na siku hizo alirudi nyumbani akiwa abiria kwenye kazi yake mwenyewe. Wanunuzi Marikiti walianza kupatana bei na kijana badala yake, kwa sababu ndiye aliyeshuka upande wa usukani. Akamaliza hivi: "Wanangu, mimi sijachoka na gari. Nimechoka na pedali moja."

Hapo ndipo mambo yaligeuka kichwani mwangu. Tulikuwa tumegawana majukumu vibaya: wao walinzi wa urithi, yeye mharibifu. Lakini tazama matokeo ya kila upande. Pikapu ikibaki kama ilivyo, mwaka mmoja zaidi na goti linakataa kabisa. Gari inaegeshwa chini ya mparachichi. Mwaka wa pili kuku wanataga kwenye kiti. Mwaka wa tatu mtu wa vyuma chakavu anapita na mizani yake. Halisi kabisa, hakuna kilichoguswa, na imekufa. Pikapu ikibadilishwa, Jumanne inaonekana Flyover. Anayetaka kubadilisha kipande kimoja ndiye pekee aliyekuwa na mpango wa kuiweka hai. Kuna uhifadhi wa kufunika kwa turubai, na kuna uhifadhi wa kutumia. Ule wa pili una makovu, kama lugha, kama ndoa, kama kitu chochote ambacho watu bado wanakihitaji.

Hata hivyo, si kila badiliko ni sawa, na hapa shangazi alitushinda sote kwa umakini. Fundi alimpa njia mbili. Ya kwanza ni rahisi: toa injini na giaboksi zote mbili, weka injini ya Toyota iliyokuja na giaboksi yake otomatiki. Spea ziko kila kona. Unahitaji kusajili upya kwa sababu kitabu cha gari kinabeba nambari ya injini, lakini inafanyika. Njia ya pili ni ndefu: baki na injini ya Guka, tafuta giaboksi ya ZF kutoka kwa saluni kuukuu ya Peugeot, na iwe imetoka kwa injini ya familia ileile, la sivyo matundu ya nati hayatakutana. Flaiwili nzito inatoka, inaingia sahani nyembamba yenye meno ya stata. Shafti ya kwenda nyuma lazima ilingane na urefu wa giaboksi mpya. Maunti zinatengenezwa upya, paipu za kupoza oili zinapelekwa mbele kwa radieta, na kuna kebo kutoka kwa akselereta ya kuiambia giaboksi umekanyaga kiasi gani. Na swichi ndogo ya kuzuia gari isiwake ikiwa ndani ya gia, ambayo mafundi wa haraka huiruka, na ambayo ndiyo inazuia gari iruke ghafla kumgonga mtoto aliyesimama mbele.

Alichagua njia ndefu. Nikamuuliza mbona, shangazi, na ya Toyota ingemaliza mambo wiki moja? Akasema goti halikuwa na shida na injini. Yaani alipima: anabadilisha kinachomuumiza, na pale kinapoishia, anaacha. Sijasoma popote kipimo kizuri zaidi cha mabadiliko. Wengi wetu tukipata ruhusa ya kurekebisha kitu kimoja tunabomoa nyumba nzima, iwe ni mila, iwe ni sheria, iwe ni mapishi ya shosho. Na wengi wa wanaopinga wanahofia hasa hilo, kwamba ukigusa pedali utafika kwa injini. Wakati mwingine hofu yao ina msingi. Dawa yake ni kusema mapema utasimama wapi, halafu usimame hapo.

Wakati mjadala ulikuwa moto zaidi, mimi niliandika swali moja kwa grupu: kuna yeyote anayeweza kuendesha pikapu Jumanne na Ijumaa, saa nane usiku, kutoka Njabini? Kama yupo, tuiache ilivyo. Nilimaanisha. Ingekuwa suluhisho la haki, maana anayetaka ugumu ubaki angekuwa anaubeba yeye. Tiki zikageuka samawati moja baada ya nyingine. Kimya. Sisemi hivyo kuwaaibisha, watu wana kazi zao. Nasema kwamba kimya hicho kilikuwa jibu la kifalsafa. Kilionyesha kwamba kitu tulichokuwa tunakitetea hakikuwa na thamani ya usingizi wetu hata siku mbili kwa wiki, na bado tulitaka kiwe na thamani ya goti la mtu.

Hili liko mbali zaidi ya pikapu. Utalisikia kwa bosi anayesema intani wateseke kwa sababu yeye aliteseka. Utalisikia kwa wanaume wanaosifu unga uliosagwa kwa jiwe na hawajawahi kushika jiwe. Utalisikia kwa msomi anayetaka lugha za mama zibaki safi vijijini huku watoto wake hawajui hata salamu. Kila mara kuna kitu kizuri kweli kinachotetewa. Na kila mara, ukiangalia chini ya dashibodi, kuna mguu wa mtu mwingine kwenye pedali.

Ninayemheshimu zaidi katika hadithi hii yote, baada ya shangazi, ni binamu. Hakubadilisha maoni. Bado anasema kuna kitu kilitolewa mle ndani, na bado nadhani hajakosea. Lakini giaboksi ya zamani ilipotoka, fundi akiwa tayari kuiuza Kirinyaga Road, binamu aliinunua kwa bei ileile ambayo mwenye duka angelipa, akalipa bodaboda mbili na mkokoteni mmoja kuifikisha kwake Ruaka. Iko kwenye balkoni, orofa ya tatu, liva imesimama juu kama fimbo ya mzee. Mke wake analalamika juu ya oili inayochora sakafu, na mwenye nyumba ashauliza mara mbili ile ni nini. Huo ndio ugumu wa binamu sasa. Ameubeba mwenyewe, ngazi kwa ngazi.